Mvua ni ya Mungu, na Debe Je?

Sisi wa Voi tumezoea kusema, "Mapenzi ya Mungu yatimizwe." Mvua ya vuli ikikatika kabla mahindi hayajabeba, au ndovu wakitoka Tsavo na kumaliza shamba zima usiku mmoja, twanyenyekea. Ni vyema, lakini hayo tungeyazuiaje? Yakobo (4:7) ataka tumnyenyekee Mungu na papo hapo tumkatalie Ibilisi. Vita hivyo haviko mawinguni. Viko sokoni, tunapopima pojo kwa debe lililobonyezwa kitako. Viko kule milimani Wundanyi, ambako shamba ni dogo na jiwe la mpaka limesogezwa hatua moja ndani ya shamba la mjane wa ndugu yako. Je, msikilizaji, jiwe lile litarudi lini?