HOTUBA KUHUSU KUKOMA HEDHI NA UCHAGUZI WA TIBA

(Hotuba hii ilitolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya akina mama na wazee wa Ushongo, Wilaya ya Pangani, Mkoa wa Tanga. Inachapishwa hapa kwa faida ya watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Visiwani.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,
Waheshimiwa masheikh na wazee wetu,
Mama zangu na dada zangu,



  Baina ya pwani hii na Unguja na Pemba ipo bahari tu. Watu ni wamoja, na mambo wanayoyaficha akina mama ni yale yale. Leo nimekuja kulizungumza moja katika hayo, nalo ni kukoma kwa hedhi.

Mwari wa pwani anapovunja ungo hupewa somo. Huelezwa usafi wake, ibada yake na heshima yake, wala haachwi ajitafutie mwenyewe. Lakini mwanamke huyo huyo anapofika mwisho wa safari ile, hapana kungwi wa kumkalisha kitako na kumweleza. Hubaki na jasho lake, usingizi wake uliopotea na hofu yake. Mimi ninayesema nanyi nimo katika umri huo, na nimepata kuamka usiku wa kipupwe kanga imerowa kama iliyofuliwa. Kwa hiyo sizungumzi habari za watu wa mbali.

Ndugu wananchi,

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma pale mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila ya kuona damu, pasipo mimba, kunyonyesha wala dawa iliyoizuia. Kwa walio wengi jambo hili hutokea baina ya umri wa miaka 45 na 55. Sababu yake ni kuwa ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai ya uzazi, hupunguza kutengeneza homoni ziitwazo estrojeni na projesteroni. Haya si maradhi, wala si adhabu. Hata sheria ya dini yetu haikulinyamazia: Surat At-Talaq imeeleza kuwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, akiachwa, eda yake ni miezi mitatu. Ikiwa Kitabu kimelitaja bila ya haya, sisi tuna sababu gani ya kuona haya kulitaja mbele ya daktari?

Dalili zake si sawa kwa kila mtu. Wapo wasiohisi kitu. Wengine hupandwa na joto la ghafla kifuani na usoni, wakatokwa jasho, moyo ukaenda mbio, kisha hali ikatulia baada ya dakika chache. Wengine hukosa usingizi, huwa wepesi wa hasira, hupata ukavu na maumivu wakati wa tendo la ndoa, au mkojo huwasumbua. Katika nchi yetu joto na jasho hudhaniwa upesi kuwa ni malaria. Asiyepima huenda akameza dawa ya malaria asiyoihitaji. Na mwenye malaria huenda akasema ni utu uzima tu. Kipimo cha damu ndicho kinachokata shauri.

Sasa nije kwenye tiba, ambayo ndiyo yenye maneno mengi.

Ipo tiba ya kurejesha homoni. Hutolewa kwa vidonge, kwa kibandiko cha ngozini, kwa mafuta ya kupaka, au kwa krimu na vidonge vya kutia ukeni. Hakuna dawa inayoishinda kwa kutuliza joto la ghafla na jasho la usiku, nayo huilinda mifupa isipungue nguvu. Mwanamke ambaye bado ana mji wa mimba hapewi estrojeni peke yake kwa tiba ya mwili mzima, kwa kuwa huweza kumletea saratani ya mji wa mimba. Hupewa pamoja na projesteroni. Aliyetolewa mji wa mimba kwa upasuaji kwa kawaida hutosheka na estrojeni.

Wengi wamesikia kuwa dawa hizi zinaua. Habari hiyo ina asili yake. Mwezi wa Julai 2002, huko Marekani, ulisimamishwa uchunguzi wa wanawake 16,608 waliokuwa wakilinganishwa, baadhi wakipewa homoni mbili kwa pamoja na wengine vidonge visivyo na dawa. Ilionekana kuwa katika kila wanawake 10,000 wanaotumia dawa kwa mwaka mmoja, walizidi 8 wenye saratani ya matiti, 8 wenye kiharusi na 7 wenye maradhi ya moyo. Na walipungua 5 waliovunjika nyonga. Khofu ikaenea duniani, na wanawake wengi wakaziacha dawa hizo.

Lakini wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, yaani wengi wao walikwisha kukoma hedhi zamani. Hesabu zilipopitiwa upya, ilibainika kuwa kwa mwanamke mwenye afya njema aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajatimiza miaka 10 tangu hedhi ikome, na dalili zinamsumbua, faida ya tiba kwa kawaida huzidi madhara yake. Mwezi wa Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuwa maonyo mazito juu ya moyo na saratani ya matiti yataondolewa katika karatasi za dawa hizi, ila onyo la saratani ya mji wa mimba kwa estrojeni ya peke yake likabaki.

Kwa hiyo dawa hii si sumu, wala si maji ya ujana. Aliyewahi kupata saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo, damu kuganda katika mishipa au maradhi makubwa ya ini, kwa kawaida hapewi. Anayetokwa na damu isiyojulikana sababu yake hapewi mpaka achunguzwe. Na yule ambaye hedhi yake imekoma kabla ya miaka 40 asikae kimya. Huyo humpasa kumwona daktari, kwa kuwa mara nyingi tiba hii humfaa zaidi kuliko mwingine yeyote.

Asiyeitaka homoni, au asiyeruhusiwa, naye hakufungiwa mlango. Zipo dawa nyingine zisizo za homoni ambazo daktari huweza kumwandikia. Kutembea, kula samaki, dagaa na maziwa, kuacha tumbaku, na kupima shinikizo la damu mara kwa mara ni mambo yenye faida kwa kila mtu. Lakini kujitia majani, unga au sabuni ukeni ili kutafuta nafuu huleta vidonda na maradhi.

Akina mama,

Naomba mnisikilize zaidi katika neno hili. Mwanamke aliyetimiza mwaka mzima bila ya damu, kisha akaiona tena, hata tone moja, asishangilie kuwa ujana umerudi, wala asiseme kuwa ni uchovu wa kulima mwani. Mara nyingi sababu huwa ndogo. Lakini huweza kuwa saratani ya mji wa mimba au ya shingo ya kizazi, na saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi Tanzania. Ikigunduliwa mapema hutibika, ikifichwa huua. Katika tiba ya homoni mtu ana hiari ya kuchagua. Katika damu hii hapana hiari: ni kwenda hospitali.

Kwa hayo nausia mambo manne:

1. Usiazime vidonge vya jirani, wala usitumie vidonge vya uzazi wa mpango kuwa ni badala ya tiba hii bila ya ushauri. Kipimo chake ni kingine, na kwa mwenye shinikizo la damu huweza kuwa hatari.

2. Mwaka usipotimia bila ya damu, mimba bado inawezekana. Usiache kinga kwa kudhania tu.

3. Anzia zahanati iliyo karibu nawe. Wenzetu wa hapa huendelea Hospitali ya Wilaya Pangani na Bombo, Tanga. Wa Visiwani huendelea hospitali za wilaya zao na Mnazi Mmoja. Mweleze daktari maradhi yote uliyowahi kuugua, na umuulize faida na madhara.

4. Waume wasilichukulie jambo hili kuwa ni uvivu au kukataliwa. Wakuu wa kazi nao wasimdharau mtumishi anayeomba ruhusa ya kwenda kupimwa au kukaa karibu na dirisha.

Mwisho, nawaomba nyinyi mliokwisha kuvuka muwe makungwi wa wanaokuja nyuma yenu. Mwenye miaka 60 amweleze mwenye miaka 45, kama alivyoelezwa yeye siku alipovunja ungo. Haya ya kusema isimpoteze mtu ambaye neno moja lingemwokoa.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema.