Usilale na Jiko Chumbani
Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Mwalimu, tafadhali iweke redio mahali ambapo hata walio nyuma watasikia. Na wewe uliyekaa mlangoni, ingia ndani. Leo nataka kila mtu asikie, mzee na kijana.

Leo nitazungumza nanyi habari za baridi na joto katika nyumba zetu. Nitazungumza zaidi habari za baridi, kwa sababu baridi ndiyo inayotufanya tutende kosa moja kubwa. Kosa hilo nalijua vizuri, maana nililitenda mimi mwenyewe.

Mimi nimezaliwa Tanga, karibu na bahari. Kwetu blanketi ni kitu cha mgonjwa. Mwaka 2014 nilipelekwa kufanya kazi Njombe. Mji wa Njombe uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kila mtu apandapo mita 1,000 hewa hupoa kwa kadiri ya digrii 6. Hesabu hiyo nilifundishwa shuleni, nikaijibu vizuri katika mtihani. Lakini siku nilipoteremka katika basi, mwezi wa Julai, nimevaa shati la mikono mifupi, ndipo nilipoielewa.

Nilipanga chumba kimoja. Usiku wa tatu nilipika maharage barazani kwa jiko la mkaa. Maharage yakaiva, nikala, na moto ungali mzuri: makaa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Nikasema moyoni, mkaa huu nimeununua kwa fedha yangu, mbona upotee bure? Nikaliingiza jiko chumbani. Nikafunga dirisha. Nikachukua gunia nikaziba ile nafasi iliyo chini ya mlango. Baada ya muda mfupi chumba kikawa na joto kama la kwetu Tanga. Nikalala, nikijiona mtu mwenye akili.

Usiku wa manane nikaamka. Kichwa kilikuwa kinanigonga kama mchi kinuni. Nikaona kichefuchefu. Nikadhani ni malaria, labda nimetoka nayo pwani. Nikataka kusimama nikanywe maji, miguu ikakataa. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, lakini magoti yalikuwa kama uji. Nikaanguka karibu na mlango, nikalivuta lile gunia, nafikiri nilitafuta tu kitu cha kushika. Upepo wa baridi ukanipiga usoni kutoka chini ya mlango. Nikabaki pale pale sakafuni nikiuvuta upepo ule, hata nikapata nguvu ya kulifikia komeo.

Kulipopambazuka, bibi mmoja jirani yangu alinikuta nimeketi nje, nimejifunika shuka, natapika. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, lakini hakuniuliza naumwa nini. Aliniuliza, "Mwanangu, jiko liko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akafungua dirisha, akalitoa jiko nje, akamwita mtu anipeleke hospitali. Kisha akasema, "Usirudie tena, mwanangu. Hapa kwetu tumezika watu kwa jambo hili."

Sasa tutazame ni kitu gani kilichonipiga. Mwalimu, andika ubaoni maneno haya mawili: KABONI MONOKSAIDI. Ni jina gumu, someni polepole. Ni jina la hewa ya sumu. Hewa hiyo hutoka katika kitu chochote kinachoungua bila kupata hewa safi ya kutosha: kuni, mkaa, mafuta ya taa, petroli, hata gesi ya kupikia. Lakini jiko la mkaa huitoa kwa wingi sana.

Ubaya wake ni huu. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala haikohozi mtu. Moshi wa kuni ni adui anayepiga hodi. Utakohoa, utalia machozi, utatoka nje. Hewa hii haipigi hodi. Ndiyo maana watu huuamini mkaa, wakasema mkaa ni safi kwa kuwa hauna moshi.

Ndani ya mwili kazi yake ni kama hivi. Twavuta hewa kwa mapafu. Katika hewa hiyo, karibu sehemu 21 katika kila 100 ni oksijeni, ndiyo hewa tunayoishi kwayo. Damu ni kama wapagazi. Huichukua oksijeni mapafuni, huipeleka kichwani, moyoni, miguuni, huitua, kisha hurudi kuchukua mzigo mwingine. Ikiingia ile hewa ya sumu, huwarukia wapagazi mabegani na kuwashika. Huwashika kwa nguvu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Haishuki upesi. Basi wapagazi wanazunguka mwilini kutwa kucha, lakini hawana nafasi ya kuchukua mzigo wenye faida. Kichwa kinakosa oksijeni, kinauma, kisha kinapoteza fahamu. Moyo nao unachoka. Aliyelala huenda asiamke kabisa, na aliyelala amelewa ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi, kwa maana hata kichwa kikimuuma hatajua.

Wachimbaji wa makaa ya mawe huko Uingereza waliijua sumu hii kwa uchungu, kwa kuwa iliwaua wengi chini ya ardhi. Mtaalamu mmoja, John Scott Haldane, alichunguza vifo hivyo katika miaka ya 1890, akashauri wachimbaji wachukue viumbe wadogo, panya au ndege, maana hao hulewa sumu mapema kuliko mtu. Basi wakawa wanashuka na ndege wadogo wa manjano katika vizimba. Ndege akianguka, watu hukimbia. Desturi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1986, ndipo vyombo vya kupimia vilipochukua nafasi ya ndege. Watu wale walikuwa mabingwa wa kazi yao, lakini pua zao hazikuweza kuinusa. Wala pua yako haiwezi.

Nimetembelea madarasa mengi, na kila mahali nasikia maneno ya kujifariji. Mmoja asema, "Mimi nangoja mkaa ukolee, uwe mwekundu wote, ndipo naingiza." Ndugu yangu, mkaa mwekundu nao hutoa sumu. Hata ukifunikwa na majivu ukaonekana umekufa, ungali unaitoa. Mwingine asema huweka sufuria ya maji juu ya jiko ili maji yanyonye sumu. Maji hayainyonyi, utapata maji ya moto tu. Mwingine asema analo jiko la kisasa lenye udongo ndani, linalokula mkaa kidogo. Ni jiko zuri, nami ninalo, lakini sumu yake ni ile ile. Na yuko asemaye kwamba yeye hulala sakafuni, au hulala kitanda cha juu, kwa hiyo haimfiki. Hewa hii huchanganyika na hewa yote ya chumba, juu na chini.

Wengi huniuliza, "Je, nikiacha dirisha wazi kidogo?" Nasema hapana, si kwa kulala. Upepo unaweza kugeuka, mtoto anaweza kulifunga, nawe usingizini huwezi kujua. Kupika ni jambo jingine: mpishi yu macho, mlango wazi, dirisha wazi, na jiko hutolewa nje kazi ikiisha.

Jambo hili si la watu wa milimani peke yao. Huku kwetu pwani wako wazee ambao mama akijifungua humwekea jiko la mkaa chumbani, hata chini ya kitanda, apate joto. Sisemi haya kwa kuwadharau wazee wetu. Kumtunza mzazi ni desturi njema. Lakini nyumba za zamani za makuti na miti zilipitisha hewa kila upande. Leo nyumba ni ya matofali ya saruji, ina dari, na madirisha yana vioo. Desturi imebaki ile ile, nyumba imebadilika. Na mtoto mchanga, pamoja na mtoto aliye tumboni, hudhurika upesi kuliko mtu mzima. Mpeni mama maji ya moto ya kuoga, supu na nguo nzito, jiko libaki uani.

Sasa sikilizeni dalili. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu, magoti kulegea, kusinzia, kuchanganyikiwa. Mtasema, hizo ni dalili za malaria. Ni kweli, hufanana sana, nami mwenyewe nilidanganyika. Lakini malaria haina desturi ya kuwapiga watu wote wa chumba kimoja saa moja. Mkiamka baba kichwa, mama kichwa, watoto kichwa, na kila atokaye nje apata nafuu, msiulize mbu, ulizeni jiko.

Ukimkuta mtu amepata sumu, usikimbilie kukaa naye mle ndani ukimpepea. Vuta pumzi ukiwa nje, fungua mlango na madirisha, mtoe haraka kwenye hewa safi. Kisha apelekwe hospitali, hata kama anasema amepona, maana dawa yake ni oksijeni, nayo hutolewa huko. Waambieni waganga kwamba kulikuwa na jiko ndani. Neno hilo moja litawaokolea muda mwingi. Maziwa hayasaidii. Kumnywesha maziwa mtu aliyezimia ni kumpalia.

Bila shaka mtu wa Makete au wa Limuru anasema, "Bwana mkubwa, wewe umeketi penye redio, sisi tunatetemeka. Tufanye nini?" Ni swali la haki.

Joto la mwili wako ndilo jiko la usiku. Kazi ni kulizuia lisitoroke. Baridi kubwa hutoka chini, nasi twasahau, twajifunika juu tu. Weka chini ya godoro mkeka, magunia makavu au majani makavu, utaona tofauti usiku huo huo. Mablanketi mawili mepesi hushinda moja zito, kwa kuwa hewa iliyo katikati yao hushika joto. Vaa soksi na kofia. Tia maji ya moto katika chupa ngumu isiyovuja, uifunge kwa kitambaa ili isiunguze, uiweke miguuni. Kwa mtoto mdogo, iondoe kabla hajalala. Mtoto mchanga afungwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wote wawili wafunikwe. Hiyo ndiyo njia wanayoitumia waganga hospitalini kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, nayo haina gharama.

Nyumba nayo ina kazi yake. Fungua madirisha mchana jua likiwaka, yafunge jua linapotaka kutua. Ukuta mnene wa udongo huweka joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Joto hupanda juu, na bati tupu hulipoteza mara moja, kwa hiyo ukipata fedha kidogo, piga dari kwanza kabla ya kununua viti vya sebuleni. (Najua viti huonekana na wageni, dari haionekani. Chagua.) Ukitaka moto ndani ya nyumba kweli, uwe na dohani, yaani bomba linalotoa moshi na sumu nje. Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, zipo nyumba za zamani zenye dohani za mawe. Dohani isafishwe kila mwaka, na hata hivyo moto uzimwe kabla ya kulala.

Wasikilizaji wa mahali pa joto, sikuwasahau. Dari hiyo hiyo huzuia jua la bati. Dirisha moja halileti upepo. Yafaa yawe mawili yanayotazamana, hewa iingie huku itokee kule. Na ninyi mlio na mashine za kupoza hewa, jueni kwamba nyingi kati ya hizo haziingizi hewa mpya, huipoza ile ile iliyomo chumbani. Basi umeme ukikatika mkawasha jenereta, isiwe ndani, wala barazani, wala karibu na dirisha. Moshi wake una sumu ile ile iliyoniangusha Njombe.

Nimefika mwisho wa maneno yangu. Mwalimu, zima redio sasa, uwaulize wanafunzi maswali haya matatu, kila mmoja ajibu kwa mwandiko wake:

Kwa nini mkaa usio na moshi ni hatari kuliko unavyoonekana?

Katika nyumba yako, jiko hulala wapi?

Nani katika jirani zako hana redio, nawe utamweleza somo hili kabla ya usiku wa leo?