Mtoto ni wa Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliponiandikia kunitaka nizungumze baada ya taarifa ya hesabu, iliniachia nichague mada mwenyewe, ikaniomba tu nisizidi nusu saa. Nimechagua kuzungumza juu ya ndoa za watu wa mila mbalimbali, na hasa juu ya yale yanayowapata watoto ndoa hizo zinapovunjika. Najua tumekuja kufurahi, na sikusudii kumharibia mtu chakula chake. Lakini wenye haja ya kuyasikia mambo haya hunijia ofisini wakati maji yamekwisha mwagika, na leo nimewapata mkiwa mmekaa kwa utulivu.

Shule hii ndiyo iliyoanza. Ilituchukua kutoka Bukoba, Newala, Tarime, Rombo, Kilosa na Kyela, ikatulaza bweni moja na kutulisha maharage yale yale. Kufika kidato cha tatu tulikuwa tumekwisha sahau kuulizana kabila, isipokuwa wakati wa kutaniana. Baadaye kazi zikatutawanya, huyu Mpanda, yule Lindi, nasi tukaoa tulikopangiwa. Kabla sijasimama niliwahesabu walioketi meza ya mbele. Kati ya watu saba, watano wameoa nje ya kabila lao, na mmoja wao ameoa nje ya bara hili. Ni jambo la kujivunia. Ila hakuna aliyetufundisha, wala hapa wala Chuo Kikuu, kwamba ndoa ya namna hiyo ikivunjika, kila upande huja na hesabu yake ya watoto, na hesabu hizo hazilingani.

Kazi yangu ni ustawi wa jamii. Mume na mke wakiachana na kugombania watoto, mahakama inaweza kumwagiza afisa wa ustawi aende kwa baba, aende kwa mama, azungumze na mtoto mwenyewe na walimu wake, kisha aandike taarifa. Nimeandika taarifa hizo kwa miaka mingi. Karibu kila mara wazee huniuliza swali moja: mtoto ni wa nani? Nataka nionyeshe kwamba sheria ya nchi hii haiulizi swali hilo. Yenyewe huuliza mtoto atastawi kwa nani, na wasioijua tofauti hiyo wamepata hasara kubwa.

Nichukue mfano mmoja, nikificha majina na mahali pa kazi. Kijana wa Rombo alimwoa binti wa Matombo, kule Uluguru. Walikuwa watumishi wote wawili. Wakaishi vizuri miaka kumi, wakapata binti na mvulana, kisha mambo yakaharibika. Siku ya usuluhishi walikuja wazee wa pande mbili. Babu wa Rombo, mtu mpole sana, alinihesabia mahari yote aliyotoa, mbuzi kwa mbuzi, pipa la mbege kwa pipa la mbege. Kwake yeye shauri lilikuwa limekwisha: aliyelipiwa mahari huzaa watoto wa ukoo wa mumewe. Mjomba wa yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kwao watoto huhesabiwa kwa mama, na mume, kwa heshima zote, ni mgeni katika ukoo.

Ndugu zangu, wazee wale hakuna aliyesema uongo. Wachagga, Wahaya, Wakurya na wengine wengi huhesabu ukoo kwa baba. Waluguru, Wakaguru, Wamwera, Wayao na Wamakonde kwa asili huhesabu kwa mama. Serikali ilipoandika Sheria za Mila mwaka 1963, katika Tangazo la Serikali Na. 279, iliandika mila za makabila yanayofuata upande wa baba. Kwa hiyo babu wa Rombo alikuwa na karatasi ya kushika, na mjomba wa Matombo alikuwa na kumbukumbu tu, lakini uzito wa imani yao ulikuwa sawa.

Mwishowe wazee wakapatana, na hapo ndipo niliposhtuka zaidi. Walikubaliana, kwa moyo safi kabisa, kwamba mvulana wa miaka minne aende Rombo kwa kuwa ni wa kiume, na binti wa miaka tisa aende Matombo. Wakapeana mikono. Watoto wenyewe walikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, dada akimmegea mdogo wake andazi. Nilipozungumza na binti yule peke yake, swali lake lilikuwa moja: nani atamsindikiza mdogo wake chooni usiku huko aendako, maana anaogopa giza.

Sasa tazameni sheria ilivyosema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilianza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Kabla yake Mkristo alikuwa na sheria yake, Mwislamu yake, Mhindu yake, na kila kabila lake. Kifungu cha 125 kinasema jambo kubwa kuliko yote ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo mahakama huangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama ana umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na mila za jamii ya wahusika. Kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, sheria huanza kwa kudhani kwamba ni heri akae na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mahakama hutakiwa kukumbuka ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaongeza kwamba inafaa ndugu wasitenganishwe. Watoto wale walibaki pamoja, kwa mama, karibu na shule yao, na baba akapewa likizo zote ndefu. Babu wa Rombo hakufurahi. Lakini likizo ya kwanza wajukuu walipofika, aliwachinjia mbuzi.

Kuhusu hizo mila za jamii ya wahusika, niseme wazi maoni yangu. Waliotunga kifungu hicho waliandika kana kwamba mume na mke hutoka jamii moja. Wakitoka jamii mbili zinazopingana, mila haiwezi kuamua, kwa sababu kuichagua moja ni kuitupa nyingine. Naona katika ndoa za mchanganyiko kipengele hicho kingetumika kwa kumjulisha mtoto pande zake zote mbili, basi.

Pengine mtasema ukoo hauna nguvu tena siku hizi. Mnaokumbuka habari za jirani zetu Kenya mtajua kesi ya wakili S. M. Otieno, Mjaluo aliyemwoa Wambui Waiyaki, Mkikuyu, kwa ndoa ya serikali. Alipofariki Desemba 1986 mjane alitaka kumzika shambani kwao karibu na Nairobi, na ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Maiti ilikaa karibu miezi mitano. Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikawapa ukoo ushindi. Otieno alikuwa mwanasheria aliyeishi mjini maisha yake yote ya kazi, na bado mahakama ilimhesabu kwa kabila alilozaliwa. Shauri lile lilihusu maziko, wala si watoto, lakini mimi hulitaja kwa wachumba wanaoniambia kwamba wao wamekwisha vuka mambo ya kikabila. Huenda wao wamevuka. Shangazi zao wako ng'ambo ile bado.

Mahari nayo ina sehemu yake. Kwa sheria yetu ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa au haikumalizwa. Wala mahari si stakabadhi ya kumnunua mtoto. Kule Uganda, Agosti 2015, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha katiba. Wapo wanawake waliokaa katika ndoa za kipigo kwa sababu baba zao walikwisha kula ng'ombe na hawakuwa na wa kurudisha.

Kwa upande wa mali nitapita haraka, maana hilo mnalijua. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwa mwenyekiti, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa pamoja. Anayesema mke wake hakuleta kitu na asome hukumu ile. Na wale wa "sogea tukae", msidhani mmesalimika: mkikaa pamoja miaka miwili na watu wakawatambua kama mume na mke, kifungu cha 160 kinaidhania ndoa. Hata dhana hiyo ikipingwa, mahakama inaweza kutoa amri za matunzo na malezi ya watoto.

Wenzetu wa Unguja na Pemba wakumbuke kwamba Sheria ya 1971 ni ya Bara. Huko mambo ya ndoa ya Waislamu huenda kwa Kadhi, na katika madhehebu ya Shafi mtoto mdogo hukaa na mama mpaka afikie umri wa kupambanua mambo, wa miaka saba hivi, ndipo huulizwa anamtaka nani. Kwa hiyo mume wa Chake Chake na mke wa Songea wakiachana, swali la kwanza ni mahakama ipi, hata kabla ya kufika kwa mtoto.

Nimalizie na walio nje ya nchi, maana gazeti letu huwafikia. Mwenzetu mmoja aliye Ulaya ya Kaskazini aliniandikia barua ndefu. Mke wake wa huko alikuwa ameomba talaka. Yeye alikuwa na tiketi za Desemba, na alitaka kujua kama akija na watoto wake wawili na kutowarudisha, kuna sheria hapa ya kumkamata. Alisema watoto ni wa kwao Kagera, babu yao anawasubiri.

Nilimjibu siku ileile. Upo Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 juu ya utekaji wa watoto wa chini ya miaka 16, ambao huzitaka nchi wanachama zirudishane mtoto aliyetoroshwa na mzazi. Tanzania haimo, na yeye alilijua hilo, ndiyo maana akauliza. Lakini kutokuwemo kwetu hakulifuti kosa huko alikotoka. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 1984 ina sheria ya kumshtaki mzazi anayemtoa mtoto nchini bila idhini ya mwenzake. Angekaa hapa na watoto wasiojua hata kuomba maji kwa Kihaya, bila uwezo wa kurudi kazini kwake, na siku mahakama ikimpa mama haki ya malezi, safari hiyo ingesomwa kwa sauti. Alikuja peke yake. Baadaye akapewa haki ya kukaa na watoto wakati wa likizo, na kiangazi kilichofuata alikuja nao kwa hati ya mahakama mfukoni.

Upanga huo hukata pande zote mbili. Mke mgeni akiondoka hapa na watoto bila mume kujua, yule baba hana mkataba wa kumsaidia. Itambidi aajiri wakili huko huko walikokwenda, kwa gharama ya huko. Kwa hiyo mwenye wasiwasi wa kweli aiwahi mahakama ya hapa mapema, maana inao uwezo wa kukataza mtoto asitolewe Tanzania kesi ikiendelea, na ikitoa haki ya malezi inaweza kuambatanisha masharti hayo hayo.

Mambo madogo ya kufanya mkiwa bado mnapendana: sajilini ndoa, hata kama ilifungwa kimila mbele ya wazee mia. Chukueni vyeti vya kuzaliwa vya watoto RITA, majina ya wazazi wote wawili yakiwemo. Kama mmoja ni mgeni, jueni mtoto anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili mpaka afike miaka 18 tu, kisha huchagua. Zungumzeni juu ya dini ya watoto kabla hawajazaliwa. Nimeona mtoto aliyebatizwa Jumapili na kufanyiwa akika Ijumaa, kila upande kwa siri, na siri zote mbili zikafika mezani kwangu. Na mkishindwana, msiruke Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kwani bila cheti chake, isipokuwa kwa sababu maalum, mahakama haipokei maombi ya talaka.

Nimeleta nakala chache za sheria hizi mbili, ziko mezani karibu na daftari la michango. Asiyependa kuniuliza mbele ya watu atanikuta nje, upande wa karakana ya zamani, mpaka saa kumi na moja.