Taarifa Ianze na Swali la Mwombaji



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo linaloonekana dogo: namna taarifa zinavyopangwa katika tovuti ya ofisi ya umma. Tumelichagua kwa kuwa mpangilio huo, mara nyingi kabla afisa yeyote hajaliona ombi, ndio unaoamua nani ataomba na nani atakata tamaa njiani.

Tuchukue mfano wa mikopo ya asilimia 10. Tangu mwaka 2018, sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkoa wetu una halmashauri 8, kuanzia Jiji la Mwanza na Ilemela hadi Kwimba na Ukerewe. Ieleweke tangu mwanzo kwamba fedha hii si ruzuku wala zawadi. Ni mkopo, na hurejeshwa ili kikundi kingine nacho kikope.

Mwananchi anayefungua tovuti ya ofisi ya umma aghalabu hukutana kwanza na picha za viongozi, dira na dhima, habari za ziara, kisha orodha ya idara na vitengo. Mpangilio huo humfaa mtumishi aliye ndani, ambaye anajua kwamba mikopo hii husimamiwa na maendeleo ya jamii. Mama anayeanika dagaa na kuwauza Mwaloni Kirumba hazijui idara hizo, wala halazimiki kuzijua. Yeye ana maswali matano: Je, ninastahili? Nilete nini? Nipeleke wapi? Mwisho wa kupokea maombi ni lini? Nikishaomba, nitajibiwa na nani?

Rai yetu kwa kila ofisi ni kwamba maswali hayo matano yawe ndiyo vichwa vya ukurasa, kwa mfuatano huohuo. Swali la kustahili litangulie mengine yote. Asiyestahili ajue mapema, asitumie nauli ya meli kutoka Nansio wala fedha ya kuchapisha fomu steshenari kwa ombi lisiloweza kupokelewa. Anayestahili naye ajue mapema, apate moyo wa kuendelea.

Lipo tatizo la pili, nalo ni zito zaidi: kurasa za zamani. Utoaji wa mikopo hii ulisitishwa mwezi Aprili 2023, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Zamani kijana alihesabiwa kuwa mwenye umri wa miaka 18 hadi 35. Katika utaratibu mpya ukomo umesogezwa hadi miaka 45. Idadi ya wanakikundi nayo iliwahi kubadilika. Kanuni za mwaka 2019 zilitaka wanawake au vijana 10. Marekebisho ya mwaka 2021 yakashusha idadi hiyo hadi 5, na yakamruhusu mtu mwenye ulemavu kukopa akiwa peke yake.

Sasa mfikirieni mvuvi wa miaka 40 anayetafuta taarifa kwa simu yake. Akiangukia tangazo la zamani lisilo na tarehe, atasoma miaka 35, atafunga simu, na hatarudi tena. Hakuna aliyemkatalia, amejikataa mwenyewe kwa sababu ya ukurasa ambao hakuna aliyeuondoa. Kwa hiyo kusafisha tovuti ni sehemu ya huduma yenyewe. Tangazo lililopitwa na wakati liondolewe, au liandikwe juu kabisa kwamba halitumiki tena, na kila ukurasa uonyeshe tarehe uliyohuishwa.

La tatu ni umbo la taarifa. Masharti yakiwekwa kama picha ya karatasi iliyopigwa mhuri, simu ndogo huyaonyesha kwa shida na bando huisha upesi. Zaidi ya hayo, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti hukwama mbele ya picha ya namna hiyo. Tutakuwa tumewatengea watu wenye ulemavu asilimia 2, kisha tukawafungia mlango wa kuzijua. Masharti na yaandikwe kwa maandishi ya kawaida, kwa Kiswahili chepesi, na fomu ikae chini yake.

Ndugu wananchi, wakati marekebisho hayo yakisubiriwa, nanyi mna la kufanya. Kwanza, angalieni anwani: tovuti rasmi za serikali huishia na .go.tz. Anwani isiyo na alama hiyo, inayowataka mtume fedha ili mkopo utoke, msiiamini. Pili, tafuteni tarehe ya tangazo kabla ya kusoma masharti yake. Tatu, kabla ya kuunda kikundi au kuchapisha chochote, mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu, mlinganishe mlichosoma na utaratibu unaotumika sasa. Nne, msimlipe kishoka anayejinadi kuwa ana njia ya mkato.

Tano, mkikosa taarifa, iombeni kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki hiyo, na ofisi iliyoombwa inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Tunzeni nakala ya barua yenu yenye tarehe ya kupokelewa.

Msione haya kuiambia ofisi kwamba ukurasa wake haueleweki. Mwandishi wa tangazo hawezi kuona mahali msomaji alipokwama mpaka aambiwe. Taja ukurasa, taja sentensi, eleza ulichokielewa. Malalamiko ya namna hiyo hurahisisha marekebisho, na atakayefuata nyuma yako, awe Sengerema au Ukara, ataikuta njia imesafishwa.