Mahali pa Kungojea: Waridi, Ndege na Moshi wa Embakasi



Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ililipuka huko Aisilandi. Majivu yakatanda angani, na kuanzia tarehe 15 viwanja vya ndege vya sehemu kubwa ya Ulaya vikafungwa kwa karibu juma zima. Dada yangu mkubwa alikuwa kibarua katika banda la kufungashia maua kando ya Ziwa Naivasha, kazi yake kupanga mawaridi kwa urefu wa shina. Yeye na wenzake walirudishwa nyumbani bila ujira. Vyumba vya baridi vilikuwa vimejaa pomoni. Maua ya jana yalitupwa kwenye mboji kuyapisha ya leo, na ya leo yakatupwa kesho yake. Aliponipigia simu alisema jambo ambalo halijanitoka moyoni: wanunuzi wapo, maua yapo, lakini maua hayana pa kungojea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichunguza kungoja. Wataalamu wa uchukuzi tumezoea kusifu kasi, na tukiulizwa dawa ya uwanja wa ndege tunataja njia ya pili ya kurukia au jengo jipya. Mimi nasema kungoja hakutaisha, hata tujenge vipi. Swali linalotufaa ni hili: nani angoje, na angojee wapi, ili hasara na moshi viwe kidogo?

Waridi likishakatwa bado li hai. Linapumua, linachoma sukari iliyo ndani ya shina, na kwa kuichoma linatoa joto lake lenyewe. Wauzaji wa maua wana hesabu nyepesi ya kupima umri wake: nyuzi za joto mara saa. Lori la jokofu likitoka Naivasha na nyuzi 4 za selsiasi, likasafiri saa nne hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulioko Embakasi, Nairobi, ua limetumia 16. Maboksi yale yale yakipata joto la nyuzi 25 kwa saa moja tu mbele ya ghala, yametumia 25. Saa moja ya kusubiri mlango ufunguliwe imekula maisha ya ua kuliko barabara nzima. Ni kweli, boksi lililopoa halipati joto papo hapo. Ila likishalipata, halipoi kwa urahisi, kwa kuwa maua yamebanana na yanapashana joto. Ndiyo maana baadhi ya mawakala wa mizigo pale uwanjani wana mashine za kupoza kwa ombwe: paleti huingizwa katika chumba cha chuma, hewa hunyonywa, maji kidogo ya kwenye majani hugeuka mvuke, na mvuke ule huondoka na joto. Ni mashine nzuri. Lakini inakula umeme na kulipunguzia ua maji yake, mara nyingi kwa kutibu ugonjwa ambao foleni ndiyo imeuleta.

Sasa tumfikirie rubani. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, wakati uwanja wa Schiphol huko Uholanzi, ambako maua yetu mengi hushukia, uko mita 3 hivi chini ya usawa huo. Hewa ya Embakasi ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15, na jua la adhuhuri huifanya nyepesi zaidi. Bawa linakosa pa kuegemea sawasawa, na injini inapata hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Kwa hiyo njia ya kurukia imepita kilomita 4 kwa urefu, na ndege nzito za mizigo hupenda ubaridi wa usiku. Ndege iliyokusudiwa kuondoka usiku ikichelewa hadi mchana wa jua kali, huenda ikalazimika kuacha sehemu ya shehena. Paleti zilizoachwa nazo zinaanza kungoja upya. Foleni ya malori, joto la boksi na uzito wa ndege ni kamba moja. Ukivuta huku, kule kunatikisika. Nasikitika kwamba bado tunavifundisha vitu hivi katika idara tatu zisizoonana.

Mfano ulionifungua macho zaidi ulitoka Marekani. Agosti na Septemba 2010, mwaka ule ule wa majivu, watafiti wa MIT wakiongozwa na Hamsa Balakrishnan walifanya majaribio katika uwanja wa Logan, Boston. Ndege zilikuwa zikiondoka kwenye maegesho mara tu zikiwa tayari, kisha zikijipanga kwenye foleni ya kuruka huku injini zinanguruma. Wao waliwashauri waongozaji wa mnarani waziachie ndege kwa mwendo ambao njia ya kurukia ingeweza kuupokea. Nyingine zikabaki kwenye maegesho dakika chache zaidi, injini zimezimwa. Katika vipindi vinane vya majaribio walikadiria kuokoa kati ya tani 12 na 15 za mafuta. Hawakumwaga zege hata ndoo moja. Kungoja kulikuwepo vilevile. Kilichobadilika ni mahali pake.

Mombasa nako kuna funzo. Ndege iliyoegeshwa huhitaji umeme na hewa baridi, na kwa desturi huvipata kwa kuchoma mafuta katika injini ndogo iliyo mkiani. Mwaka 2018 Uwanja wa Moi ulizindua mtambo wa jua wa takriban kilowati 500, pamoja na vifaa vya kuipelekea ndege umeme na ubaridi, katika mradi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Jua la pwani linaibeba ndege wakati inangoja.

Sitawaficha: mafuta mengi huchomwa angani, wala si ardhini. Mwaka 2007 Adrian Williams wa Chuo Kikuu cha Cranfield, kwa kuagizwa na kampuni ya maua, alilinganisha mawaridi 12,000 ya Kenya na mengine kama hayo ya Uholanzi. Ya Kenya, pamoja na ndege, yalitoa takriban kilo 6,000 za kaboni dioksidi. Ya Uholanzi, yaliyokuzwa kwa kupashwa joto na kuwashiwa taa, kilo 35,000. Tumelisherehekea jibu hilo kupita kiasi. Mholanzi anaweza kubadilisha chanzo cha nishati ya banda lake, na akibadilisha, hesabu itageuka. Sisi tutabaki na ndege yetu.

Ndiyo sababu natazama meli kwa hamu. Waridi likipozwa hadi karibu na nyuzi sifuri, kwenye kontena lenye hewa iliyodhibitiwa, huweza kuvumilia mwezi mzima kutoka Mombasa hadi Rotterdam. Mwezi mzima, ndugu zangu, kwa ua tunaloambiwa halivumilii saa moja Embakasi! Mashambulizi ya Bahari ya Shamu tangu mwishoni mwa 2023 yamezilazimisha meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na siku zilizoongezeka zimewaumiza wakulima. Hata hivyo, kwa ubaridi ule, kila saa ya siku hizo huligharimu ua nyuzi moja hivi tu.

Kuna pia moshi ambao hauendi Ulaya. Ule wa ndege zinazosubiri na malori yanayonguruma langoni unavutwa na wapakiaji wa zamu ya usiku na watoto wa mitaa ya Embakasi, iwe ni sehemu ndogo ya hesabu ya dunia au la. Huo tunaweza kuupunguza mwaka huu. Ukaguzi wa nondo na wadudu wengine unaoweza kufanyiwa shambani usingoje uwanjani. Lori lipewe muda wake wa kufika kabla halijawashwa Naivasha. Kikwazo ni kwamba mkulima, wakala, mkaguzi na shirika la ndege kila mmoja ana saa yake na daftari lake, na hamwonyeshi mwenzake.

Jumatatu ijayo wanafunzi wanne wa uzamili wataanza kukaa penye lango la mizigo kuanzia magharibi hadi alfajiri. Kwa kila lori wataandika nyakati tatu: lilipofika, mlango ulipofunguliwa, na paleti ya mwisho ilipoingia penye baridi. Dada yangu ameomba akae nao usiku wa kwanza.