Mzimu Dirishani, Hati Sandukuni: Kuisoma Wuthering Heights katika Nchi ya Vibanja

Walimu wenzangu wa fasihi wa Bukoba na Muleba,

Nimeombwa kuzungumzia tabaka na dhuluma katika riwaya ya Kigothi, ile ya majumba ya kale, giza, makaburi na siri za ukoo. Nimechagua Wuthering Heights ya Emily Brontë, iliyotoka mwaka 1847 kwa jina la kalamu la Ellis Bell. Wanafunzi wakisimuliwa kisa hiki hushika kwanza mzimu: mtoto wa kike anayegonga dirisha usiku wa theluji akiomba afunguliwe. Mimi naomba tuanze na shamba. Naamini mzimu ule ni dai la nyumba na ardhi lisilolipwa, na Mhaya analielewa upesi, kwa kuwa kwetu marehemu huzikwa kibanjani, katika shamba la migomba la familia. Ukimnyang'anya mtu kibanja, umemnyang'anya na makaburi ya babu zake.

Heathcliff ni mtoto aliyeokotwa na mzee Earnshaw katika mitaa ya Liverpool, bandari iliyotajirika kwa biashara ya watumwa. Hana ukoo wala jina la pili. Mzee anapofariki, mwanawe Hindley anamnyima masomo na kumtupa shambani awe kibarua. Catherine, binti wa mzee na ndiye mzimu wa dirishani, anampenda, lakini anakubali kuolewa na jirani tajiri, Edgar Linton, kwa sababu kuolewa na kibarua ni kujishusha. Heathcliff anatoweka miaka mitatu, kisha anarudi na fedha. Hachomi nyumba ya mtu. Anacheza kamari na Hindley, ambaye sasa ni mlevi, na kumkopesha. Hindley anaweka rehani shamba kidogo kidogo, na siku anapozikwa mwenye mali ni kibarua wa jana.

Hapa nawaomba tukae. Heathcliff haivunji sheria iliyomdhulumu, anaishika mpini. Hareton, mtoto wa Hindley, anafanyiwa yale yale: hakuna shule, hakuna ujira, kazi tu. Juu ya mlango wa nyumba pamechongwa jina Hareton Earnshaw na mwaka 1500, na kijana mwenye jina hilo hilo hawezi kulisoma. Mrithi anapita chini ya jina lake kila siku akiwa mtumishi. Kwangu hiyo ndiyo picha ya kutisha kuliko zote katika kitabu, mzimu ukiwemo.

Sasa turudi nyumbani. Katika falme za Kihaya, Ihangiro, Kianja, Kiziba na nyinginezo, Mukama, yaani mfalme, aliweza kumpa ndugu yake au mtu wake wa karibu eneo zima la vibanja pamoja na watu waliomo. Huo ulikuwa mfumo wa nyarubanja. Familia iliyolala jana ikiwa na kibanja chake iliamka ikiwa batwarwa: wanalima pale pale, migomba ile ile, lakini sehemu ya rubisi (pombe ya ndizi), kazi za mikono, na baadaye fedha, vinakwenda kwa bwana. Kahawa ilipopata soko, ardhi hiyo ilizidi kutamaniwa. Bibi yangu hakupenda kusema "tulikuwa maskini". Alisema "tulikuwa wa mtu". Ukipita Kanazi ukaiona ikulu ambayo Wajerumani walimjengea Mukama Kahigi, unaona kwamba nyumba kubwa yenye historia nzito haihitaji theluji ya Yorkshire.

Tofauti moja ni ya msingi. Brontë hana mahali pa kupeleka hasira ya Heathcliff isipokuwa kisasi na kaburi. Tanzania ilipeleka suala la nyarubanja bungeni. Sheria ya mwaka 1965 ilifungua njia ya mtwarwa kujikomboa, na ile ya 1968 ikamaliza kazi: aliyelima ndiye mwenye kibanja. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1978, inafuata njia nyingine, ya Mapinduzi ya Zanzibar. Inafaa isomwe bega kwa bega na Brontë, maana nayo ina nyumba kubwa, bwana katili na mtumishi ambaye utumwa umemwingia moyoni.

Lakini aliyekombolewa mwaka 1968 kwa kawaida alikuwa mwanamume. Katika riwaya pia binti ndiye anayepitwa: mwanasheria C. P. Sanger alionyesha mwaka 1926 jinsi Brontë alivyoijua barabara sheria ya urithi wa ardhi ya Uingereza. Edgar Linton anafariki akimwacha binti, Cathy, na shamba linampita. Heathcliff analishika kwa kupitia mwanawe aliyemwozesha Cathy kwa nguvu. Binti hana fedha wala jamaa wa kumsimamia mahakamani, na riwaya inasonga mbele.

Muleba haikusonga mbele. Agosti 1988 mwanamke mzee, asiye na wa kumtunza, aliuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia, kwa shilingi 300,000. Kesho yake mtoto wa kaka yake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha: kwa mila ya Kihaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Kanuni za urithi za 1963 zilisema hivyo hivyo, kwamba ataitumia maisha yake yote bila kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo, ya Wilaya ikayarudisha, na tarehe 22 Februari 1990, Mwanza, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizomo katika Katiba. Haki hizo zilikuwa zimeanza kudaiwa mahakamani Machi 1988, miezi mitano tu kabla ya mauzo. Cathy wa Brontë hakuwa na Machi yake.

Kwa hiyo napendekeza zoezi moja. Kabla mwanafunzi hajafungua riwaya, aende kwa bibi yake au mzee wa jirani na maswali matatu: kibanja hiki kilikuwa cha nani kabla ya 1968? Nani alipewa, nani akanyimwa? Na shangazi zetu wamezikwa wapi? Majibu ayaandike kwa mkono wake, ayalete darasani, na hapo ndipo tumsomee ukurasa wa yule mtoto anayegonga dirisha.