Kondo Lisitupwe: Panya Chotara na Hoja ya Tumbo la Mama



Mhadhara huu nilianza kudaiwa siku mwenzangu mmoja aliponiambia kikaoni, mbele ya wanafunzi wangu, kwamba suala la panya chotara limekwisha. Mtoto hufuata tumbo, alisema. Mama akiwa na tumbo dogo mimba huharibika, akiwa na tumbo kubwa hukaa. Wengi wenye akili timamu wanaamini hivyo. Naomba radhi mapema, maana leo nitakaa sana kwenye hoja hiyo.

Panya wenyewe ni wawili, wa Marekani Kaskazini. Peromyscus maniculatus ameenea sehemu kubwa ya bara lile. Peromyscus polionotus anaishi kusini mashariki, kwenye mashamba yaliyoachwa na fukwe za mchanga za Florida na Alabama. Ni ndugu wa karibu, watoto wao huzaliwa na uzito unaokaribiana, na kila spishi ina kromosomu 48. Kwa hiyo ile hesabu ya kromosomu tuliyofundishwa kwa baghala haitusaidii hapa, naipita.

Mwaka 1965 Wallace Dawson alichapisha katika jarida la Evolution makala ambayo nakala yangu imechakaa kwa kufunuliwa. Ilihusu uzazi na urithi wa ukubwa wa mwili pale panya hawa wanapopandishwa. Jike akiwa maniculatus na dume polionotus, watoto huzaliwa wadogo kuliko wa spishi zote mbili, lakini wazima, na hukua. Geuza wazazi. Jike polionotus akibeba mimba ya dume maniculatus, vijusi hukua kupita kiasi, vingi hufia tumboni, na mama mara nyingi hufa akijifungua. Mabinti wa pande zote mbili wana jeni zilezile za kiini, nusu za huku na nusu za kule! Mtafiti mwenye haraka angewaweka wote katika safu moja ya jedwali, akaandika “chotara”, akapiga wastani, na jambo lote lingepotea. Dawson alizitenga pande mbili, ingawa wakati ule hapakuwa na nadharia ya kumweleza alichokiona. Kisha aliendelea kuwatunza panya hao katika Chuo Kikuu cha South Carolina, na waliomfuata wakapata pa kuanzia. Wanafunzi wangu huisoma makala hiyo kabla ya kugusa mzani.

Sasa tumbo. Hoja hii ina asili ya heshima. Mwaka 1938 Walton na Hammond, huko Cambridge, walipandisha farasi wakubwa wa Shire na wale wafupi wa Shetland. Jike Shetland alizaa mtoto wa kadiri ya Shetland. Jike Shire alizaa mtoto mzito karibu mara tatu ya huyo. Ni jaribio zuri, nami nalifundisha. Lakini linaonyesha tumbo dogo likimzuia mtoto asizidi. Kwa panya wetu tumbo la polionotus halikuzuia chochote: mtoto alikua hadi akamuua mama. Na jike maniculatus, ambaye tumbo lake lina nafasi ya kutosha, ndiye aliyezaa vibeti.

Kama hilo halitoshi, mwaka 2000 Paul Vrana, kutoka maabara ya Shirley Tilghman kule Princeton, na wenzake walionyesha matokeo ya kuwapandisha majike chotara tena na spishi za wazazi. Katika uzao wao ndugu walipishana kwa ukubwa, na sehemu ya tofauti hiyo ilifuata kipande cha kromosomu X. Tumbo ni moja, damu ya mama ni moja. Hukumu mbili zingetokaje kwa hakimu mmoja?

Jibu limo katika muhuri. Tangu mwaka 1984, kwa majaribio ya Cambridge na Philadelphia, tunajua kuwa baadhi ya jeni hubeba muhuri wa baba au wa mama, na zenye muhuri hunyamazishwa. Kiinitete chenye jeni za baba tupu hutoa kondo la nyuma lililonawiri na mwili duni. Chenye za mama tupu hutoa kinyume chake. Wakunga waliomo humu wameona jambo la aina hii kwa macho: mimba zabibu iliyo kamili, ambayo kromosomu zake za kiini zote ni za baba, huvimba bila mtoto. Na katika ule upande mbaya wa panya wa Dawson, baadhi ya mimba huwa kondo tupu. Mwaka 1998 Vrana na wenzake walionyesha kuwa jeni kadhaa zilizopaswa kunyamaza huzungumza kwa chotara hao.

Mwanabiolojia David Haig ametupa sababu. Jike maniculatus hupandwa na madume kadhaa, hivyo jeni za baba hunufaika zikimkamua mama, na za mama hujifunza kukaza breki. Polionotus huishi wawili wawili, breki zao ni laini. Naijua kasoro ya hoja hii: spishi mbili ni ulinganisho mmoja tu. Hata hivyo hamsta wadogo wa Asia, Phodopus, nao wana upande mmoja wa kondo kubwa na vifo, na sitikisiki: kwa mamalia, mpaka wa spishi huanzia kwenye kondo.

Bibi yangu alikuwa mkunga Pangani. Mtoto akishalia, alimkabidhi kwa mwingine, akasogeza kandili na kuligeuza kondo pande zote, kipande kwa kipande, kabla halijazikwa. Katika maabara nyingi nilizopitia kondo la panya hutupwa ndooni, kijusi ndicho hupimwa. Ninyi mnaoanza utafiti wa panya shamba mwezi ujao, nimewawekea mzani wa pili. Pimeni kondo kwanza, andikeni baba ni nani na mama ni nani, kisha mnipigie simu, hata usiku.